Samani za urithi katika karakana moja ya Mikindani

Kwa mkazi wa Mtwara au Lindi aliyerithi kabati, kasha au kiti cha mbao, na anayetaka kukirudisha katika matumizi ya kila siku bila kukipotezea sura ambayo jamaa zake wanaijua, karakana ndogo ya useremala iliyopo Mikindani, jirani na barabara ya kwenda Lindi, ndiyo ninayoipendekeza kuliko nyingine zote nilizozifikia katika mikoa hii miwili. Haina kibao mlangoni, na wateja wake huelekezana kwa mdomo. Kwa hiyo nitaieleza kwa kazi yake. Niliipelekea vitu vitatu vya nyumbani kwetu. Kimoja kilirudi kikiwa bora kuliko nilivyothubutu kutarajia, kimoja kilirudi kizuri lakini chenye dosari, na cha tatu sikuridhika nacho. Tofauti hizo tatu zinaeleza vizuri mahali ambapo mafundi hawa wana ustadi na mahali ambapo hawana.

Cha kwanza ni kabati la vyombo la mninga, lenye milango miwili ya vioo juu, droo mbili katikati na milango ya mbao chini. Babu alilinunua Nachingwea kwa ofisa mmoja aliyekuwa akifungasha mizigo yake baada ya Waingereza kuuvunja Mpango wa Karanga mwaka 1951. Mpango huo, ulioanza mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, haukuleta karanga zilizotarajiwa, ila uliiachia Mtwara bandari na, hadi mwaka 1962, reli ya kwenda Nachingwea; katika nyumba kadhaa ninazozijua za Masasi na Mtwara uliacha pia meza za kuandikia na makabati ambayo bado yanatumika. Cha pili ni kasha la msaji lenye njumu za shaba, la aina iliyokuwa ikiletwa na majahazi kutoka India kwa upepo wa kaskazi. Bibi alilipata alipoolewa, na ndani yake, ubavuni, mna kisanduku kidogo chenye kifuniko ambamo aliweka udi na hati za shamba. Cha tatu ni kiti cha mvule chenye kitako na mgongo wa henzerani.

Jambo la kwanza lililonipa imani ni kwamba fundi mkuu alikataa kutaja bei kabla ya kulikagua kabati. Alizitoa droo zote mbili, akazigeuza juu chini, akamulika kwa tochi mbao za ndani ambazo hazijawahi kuguswa na jua wala kitambaa, ili aone rangi ya mninga ule siku uliporandwa na ailinganishe na rangi ya nje. Akapitisha ncha za vidole nyuma ya milango kutafuta alama za randa ya mkono, kwa kuwa mbao iliyorandwa kwa mkono huwa na mabonde membamba ambayo kidole huyasikia hata pale jicho linaposhindwa kuyaona. Kisha akachagua sehemu iliyofichika nyuma ya mguu, akaisugua taratibu kwa pamba yenye spiriti, akasubiri.

Jaribio hilo la spiriti ni la kawaida kwa mafundi wa samani za kale, na kila mwenye kabati la urithi anaweza kulifanya mwenyewe kabla hajalikabidhi kwa mtu yeyote. Mpako wa zamani ukilainika na kunata, basi ni shelaki, yaani utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa laki katika nchi kama India na Thailand, ambao huyeyushwa katika spiriti na kupakwa kwa pamba iliyofungwa ndani ya kitambaa. Usipolainika kwa spiriti lakini ukalainika kwa tina, yaani kiyeyusho cha rangi za kupuliza, yaelekea ni laka ya kupuliza, ambayo ilienea viwandani kuanzia miaka ya 1920. Usipotikisika kwa chochote kati ya hivyo viwili, uwezekano mkubwa ni vanishi ya mafuta au poliyurethani. Jibu la jaribio hilo ndilo linaloamua kazi yote inayofuata, kwa sababu shelaki ya zamani, hata ikiwa imepasukapasuka na kuwa nyeusi, inaweza kufufuliwa palepale ilipo, ilhali poliyurethani haifufuliki. Ikiharibika, njia pekee ni kuikwangua yote.

Kabati letu lilikuwa na shelaki. Juu yake palikuwa na tabaka za moshi wa jikoni, mafuta ya kupikia na nta ya miaka mingi, kiasi kwamba sote tulidhani mbao yenyewe ni nyeusi. Fundi alianza kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo tu katika maji ya sabuni na kukamuliwa, akafuatia na tarpentaini ili kuondoa nta, na mpaka hapo hakuwa amegusa mpako wa asili. Baada ya hapo alipitisha brashi laini yenye spiriti juu ya sehemu zilizopasuka, shelaki ikalainika, ikatambaa na kuziba nyufa zake yenyewe, kisha akaongeza tabaka chache nyembamba za shelaki mpya kwa pamba. Uso wote wa mbele wa kabati haukuguswa na msasa hata mara moja. Mistari ya mninga, ile ya kahawia inayopishana na ya dhahabu, imeonekana tena, na mikwaruzo midogo ya mkono iliyozunguka tundu la funguo bado ipo.

Namna hii ya kazi ni adimu. Katika karakana nyingine ya Mtwara mjini, ambayo ni kubwa zaidi na yenye mashine nyingi, meza yetu ndogo ya mninga ilipigwa msasa wa umeme pande zote, ikatiwa rangi ya kukolea na kupulizwa laka inayong'aa. Kingo zake zilizokuwa kali zimeviringika, nakshi ya ukanda wa chini imefifia, na alama zote za matumizi zimekwenda na unga. Kwa samani mpya, kazi ile ingekuwa nzuri. Kwa meza ya urithi ni hasara isiyorudishika, kwa sababu rangi ambayo mninga huipata kwa mwanga, hewa na mikono ya watu kwa miongo mingi ipo katika tabaka jembamba la juu tu. Msasa wa mashine hulimaliza kwa dakika chache, na hakuna rangi ya kopo inayoweza kuliiga, maana rangi ya kopo hukolea sawasawa mahali pote ilhali umri haukolei hivyo. Mvule nao una tabia hiyo: mbao yake mpya ni ya manjano, na hugeuka kahawia iliyoiva kadiri inavyokaa katika mwanga.

Kuna sababu nyingine ya kuheshimu mbao hizi. Ubavu wa kabati letu ni ubao mmoja mpana usioungwa, na mtu akienda leo kwa wauza mbao wa Mtwara kutafuta ubao wa mninga wa upana ule, atajibiwa kwa mbao nyembamba za kuunganisha. Mninga hukua polepole sana katika misitu ya miombo, na miti minene iliyokuwa karibu na barabara imekwisha kukatwa. Mbao iliyokauka ndani ya nyumba kwa zaidi ya miaka sabini imekwisha kujikunja na kutulia kadiri ya uwezo wake. Kuikwangua milimita mbili ili ipendeze ni kutupa kitu kisichonunulika.

Sehemu ya chini ya kabati, kwa ndani, ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta ya kijani na mtu asiyejulikana katika ukoo. Hapa fundi alikuwa mwangalifu kwa namna ambayo ningependa mafundi wote waige. Rangi za mafuta za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, na kuzipiga msasa zikiwa kavu ni kuwavutisha watu vumbi lenye sumu, hasa watoto. Alipaka dawa ya kuondolea rangi, akaiacha ilainishe, kisha akaikwangua ikiwa bado na unyevu, nje ya karakana, juu ya karatasi aliyoikunja na kuitupa pamoja na mabaki. Nilimuuliza kwa nini hakutumia soda kali kama wafanyavyo wengine kwa kuwa ni nafuu. Alijibu, "Mama, soda itaondoa rangi, lakini mninga utageuka mweusi na gundi ya viungo itaachia." Jibu hilo ni sahihi: soda kali hukolezea weusi mbao zenye tanini, yaani kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao nyingi, na hudhoofisha gundi za kale.

Viungo vilitengenezwa kwa akili hiyohiyo. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umelegea, na kabla ya hapo mtu alishaupiga misumari miwili ya chuma ambayo, kwa hewa ya chumvi ya Mtwara, ilikuwa imeoza na kuacha madoa meusi kuizunguka. Madoa ya namna hiyo hutokana na chuma kukutana na tanini ya mbao, na hayatoki kwa msasa bila kuchimba shimo. Fundi aliyafifisha kwa asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji, akayasuuza vizuri. Misumari aliitoa, akaulainisha ulimi wa mbao kwa maji ya vuguvugu ili gundi ya zamani iachie, akausafisha na kuurudisha katika tundu lake kwa gundi ya ngozi aliyoipasha moto mwenyewe. Gundi nyeupe ya dukani ina nguvu, lakini ikikauka haiachii kwa maji ya vuguvugu, na fundi atakayekuja baada ya miaka hamsini atalazimika kuuvunja ulimi ili aufungue. Gundi ya ngozi itamruhusu aurekebishe kama huyu alivyoweza. Mahali palipohitaji skrubu aliweka za shaba, ambazo hazipati kutu.

Mgongo wa kabati ulikuwa umebunguliwa. Fundi aligonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, akatandika karatasi nyeusi chini na kuiacha kwa siku kadhaa ili aone kama unga mpya utadondoka, kwa sababu matundu ya zamani yasiyotoa unga hayahitaji dawa. Mbao mbili zilizotoa unga alizichoma dawa ya wadudu tundu kwa tundu kwa bomba la sindano. Moja iliyokuwa imekuwa kama sifongo aliibadilisha kwa ubao wa mninga wa zamani aliokuwa ameutunza, na ule uliotolewa akanirudishia pamoja na kabati. Chini ya miguu, mahali pasipoonekana, alipaka mafuta ya maganda ya korosho. Mafuta hayo meusi, ambayo wenyeji wa kusini wameyazoea kwa kuwa huchoma ngozi, yana uwezo wa kuwazuia mchwa, na viwandani hutumika hata katika kutengenezea vanishi na rangi. Yasipakwe mahali pa kuonekana, kwa maana hukolezea mbao doa lisilotoka, lakini kwa miguu ya kabati linalokaa juu ya sakafu ya saruji yenye unyevu ni kinga ya busara.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni taji la kabati. Kati ya maua matatu yaliyochongwa juu ya milango ya vioo, moja lilikuwa limekatika na kupotea tangu zamani. Karakana nyingi zingechukua mojawapo ya njia mbili: kuondoa na yale mawili ili uso ulingane, au kuchonga matatu mapya. Hapa aliitwa mchongaji wa Kimakonde anayefanya kazi jirani, mtu aliyezoea mpingo na vinyago, naye akakaa mbele ya maua yaliyobaki kwa muda mrefu kabla ya kushika patasi. Alichonga ua moja la mninga, akafuata mkono wa mchongaji wa kwanza hata katika ukosefu wake wa ulinganifu, kwa kuwa petali za kushoto za yale maua ya zamani ni nene kidogo kuliko za kulia. Ukisimama sebuleni huoni tofauti. Ukikaribia na kutazama kutoka upande, utaona kwamba moja ni jipya, na nyuma yake ameandika mwaka kwa penseli ili mtu wa baadaye asidanganyike. Huo ni uaminifu wa kazi ambao sikuwahi kuuona kwingine, na peke yake ungetosha kunirudisha kwao.

Katika familia hatukukubaliana mapema kuhusu mng'aro. Mjomba alitaka kabati ling'ae kama samani zinazouzwa madukani, na alikuwa tayari kulipa zaidi kwa ajili hiyo. Shangazi alitaka hata alama ya duara iliyoachwa na birika la chai juu ya ubao wa katikati ibaki. Fundi aliwasikiliza wote wawili kwa heshima, kisha akawaambia kwamba mng'aro unaweza kuongezwa wakati wowote, ila alama ikiondolewa hairudi, kwa hiyo angeanza na kidogo. Akaifanya ile duara ififie bila kutoweka, akamalizia kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na tarpentaini na kusuguliwa kwa kitambaa cha sufu. Kabati lina mng'aro wa chini, wa joto, na mjomba mwenyewe sasa ndiye anayewaonyesha wageni lile ua jipya.

Naomba msomaji aniruhusu neno moja nje ya karakana. Katika karne ya 19 pwani hii ilichimba sandarusi, utomvu wa kale wa msandarusi uliokuwa umezikwa ardhini, na ikasafirishwa kupitia Unguja hadi India, Ulaya na Marekani, ambako mjini Salem, Massachusetts, kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Huko iligeuzwa kuwa vanishi bora za samani na magari ya farasi. Nyumba za mbali zimetunzwa kwa utomvu wa udongo wetu, ilhali mafundi wetu hununua makopo yaliyotoka ng'ambo. Ingenifurahisha sana kumwona mtu wa Lindi au Kilwa akiurudisha ujuzi huo, na fundi wa Mikindani aliniambia kwamba angekuwa mteja wake wa kwanza.

Sasa nije kwenye kasha. Mbao zake zilisafishwa vizuri, bila msasa, na bawaba za zamani zilitolewa, zikatiwa mafuta na kurudishwa katika matundu yaleyale. Tatizo lipo kwenye shaba. Kasha la aina hii lina mamia ya vichwa vya misumari ya shaba vilivyopangwa kwa nakshi, pamoja na mabamba yaliyokatwa kwa msumeno mwembamba, na shaba ile ilikuwa imepata rangi ya kahawia ya dhahabu iliyopatana na msaji. Kijana aliyepewa kazi hiyo alitumia dawa ya kung'arishia vyuma, akaisugua mpaka kila kichwa kikawa cha manjano makali, na mabaki ya dawa yakaingia katika nafasi kati ya shaba na mbao na kukauka yakiwa meupe. Kutoka mbali kasha linametameta. Kutoka karibu, kila ua limezungukwa na mstari wa chokaa. Fundi mkuu alipoliona alisikitika waziwazi, akayatoa mabaki hayo kwa mswaki laini na tarpentaini bila kuongeza bei, lakini rangi ya shaba itachukua miaka kurudi. Kwa shaba iliyo juu ya mbao, kitambaa kikavu na nta kidogo vinatosha. Ndimu, chumvi na majivu, ambavyo sote tumeviona vikitumika kwa sinia, viachwe kwa sinia, maana juu ya kasha asidi hiyo huingia ndani ya mbao.

Kiti cha mvule ndicho nisichoridhika nacho. Mbao zilitunzwa vyema, lakini henzerani iliyokuwa imechanika ilibadilishwa kwa nyuzi za plastiki zilizosukwa kwa mtindo uleule. Kwa mbali zinafanana. Mtu akikaa, anahisi mara moja kwamba hazipumui na hazijilegezi kama henzerani, na rangi yake ya krimu haitabadilika hata kiti kikae miaka ishirini. Karakana ilieleza kwamba henzerani haipatikani kirahisi Mtwara na huagizwa Dar es Salaam, na kwamba msukaji waliyemtegemea ameacha kazi. Maelezo hayo ninayakubali, ila kitu kisichopatikana kilipaswa kusemwa kabla ya kazi kuanza. Mwenye kiti cha henzerani ama atafute henzerani mwenyewe na kuwapelekea pamoja na msukaji, ama awaachie mbao tu.

Malipo yalikuwa shilingi 280,000 kwa kabati, 150,000 kwa kasha na 90,000 kwa kiti, pamoja na vifaa. Kwa kabati nadhani walijipunja, nikizingatia muda uliotumika na ule uchongaji. Karakana ya mjini iliyoiharibu meza yetu hutoza karibu nusu ya hapo kwa kila samani, na wapo watakaoichagua kwa sababu hiyo. Sitawalaumu ikiwa samani yao ni ya juzi.

Kuhusu muda, wakati wa kupeleka kazi una uzito kuliko wateja wengi wanavyodhani. Minada ya korosho ikianza, kwa kawaida kuanzia Oktoba, fedha huingia Tandahimba, Newala, Masasi na Mtwara kwa pamoja, na kila fundi wa mikoa hii hujaa oda za vitanda, sofa na milango ya nyumba mpya. Samani ya urithi, ambayo haina haraka na haina faida kubwa, husukumwa pembeni. Kiti chetu kiliangukia msimu huo na kilikaa muda mrefu kuliko ahadi. Tena mvua za kusini hufuata mara baada ya hapo na huendelea hadi Aprili au Mei, na shelaki inayopakwa katika hewa yenye unyevu mwingi hufanya ukungu mweupe chini ya mng'aro. Kabati lilifanyiwa kazi kati ya Juni na Septemba, wakati kusi inavuma na hewa ni kavu, na hiyo ni sehemu ya sababu ya uzuri wake. Ningemshauri kila mtu achague miezi hiyo.

Kuna jambo moja ninalowasihi wenye karakana walirekebishe kwa ajili yao wenyewe. Vijana wao hupiga msasa mvule na mninga bila kufunika pua, ingawa vumbi la mbao hizi, hasa mvule, huwasha ngozi na kuwapa baadhi ya watu pumu. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani, ambayo hutumika kidogo kulainisha pamba ya shelaki, niliviona vimerundikwa pembeni mwa maranda. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandazwe nje vikauke au vitiwe ndani ya chombo chenye maji. Karakana yenye akiba ya mbao za kale kama ile haistahili kupotea kwa sababu ya tambara.

Kwa atakayekwenda, nashauri mambo yafuatayo yakubaliwe kwa maandishi, nao hawakatai: kwamba msasa wa mashine usitumike mahali popote, kwamba shaba iachwe na rangi yake, kwamba kila kipande kitakachotolewa kirudishwe, na kwamba kifaa kisichopatikana kisibadilishwe bila mwenye mali kuulizwa. Apeleke na picha za samani hiyo zilizopigwa katika mwanga wa mchana, ikiwezekana na picha ya zamani ya familia ambamo kitu hicho kinaonekana, kwa kuwa fundi mkuu huitazama sana na huitumia kuamua kiwango cha mng'aro. Wanaotoka Lindi, umbali wa kama kilomita 100, watoe vioo na droo kabla ya kupakia, wafunge milango kwa kitambaa badala ya utepe wa karatasi wenye gundi, ambao huondoka na shelaki, na kabati lisafirishwe likiwa limesimama.